Mashine Iliyosahau Tarehe

Hapana, mashine zile hazikuwa zinasema kitu. Hiyo ndiyo ilikuwa raha yake. Unabonyeza kitufe, feni inaanza kuvuma kama mtu mwenye pumu anayepanda mlima, inapiga mlio mmoja, pii, halafu kioo kinabaki cheusi na kamstari kadogo keupe kanakonyezakonyeza. Kanakungoja. Hakakuiti mpendwa, hakakuulizi umeamkaje, hakakukumbushi kunywa maji. Kanangoja uandike. Ukiandika upuuzi kanakwambia hiyo amri hakaijui, basi, mmemalizana. Heshima ya namna hiyo mtaipata wapi nyie, ambao hata mlango wa choo unawapa pole?

Sasa ile ya bwawani Lihogosa, kule juu ya Makambako, ndiyo iliyokuwa ya mwisho kufanya kazi ya kweli. Zile nyingine mbili zilizokuwa pembeni yake zilikuwa za kung'olewa viungo tu: leo feni, kesho waya, keshokutwa kibodi. Sanduku lenyewe lilishakuwa la njano kama meno ya mvuta tumbaku, na miaka yake ilikuwa inakaribia themanini. Enesa Mgaya alikuwa nayo kwa miaka thelathini. Aliijua kwa mlio. Feni ikibadilisha sauti kidogo tu, anaacha chai.

Kwa nini haikutupwa? Kwa sababu mlango wa chini wa bwawa, ule wa kutoa maji, ulikuwa chuma cha zamani, umefungwa na watu waliokwisha kuoza, na ile kadi ya kuuendesha ilikuwa inachomekwa kwenye mashine ile tu. Mlango wa juu, ule unaoingiza maji bwawani, aliuchukua Mratibu. Ndiyo, huyo huyo, akili bandia ya sauti ukutani, aliyekuwa anaendesha kila kitu: bomba, taa, zahanati, mizani ya viazi, geti la shule. Ule wa chini hakuuweza. Mashine yenyewe haikuwa na tundu hata moja la kuingizia maneno. Mratibu akaongea na mashine ile mwaka mzima, inamtazama tu.

Enesa alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. "Kinaongea na ukuta," anasema. Watu wote walimwita Mratibu yeye. Enesa alisema kile.

Basi Jumamosi hiyo maji yakashuka. Saa tisa na dakika arobaini alasiri, mchana kweupe, hata wingu hakuna. Yalichukua nyumba saba za bondeni, ng'ombe wanne, na mkono wa binti wa Edeltruda Ngailo ukavunjika mara mbili. Jumapili asubuhi Mratibu akatangaza kwa sauti ile ya mafuta mafuta kwamba mlango wa juu haukuguswa siku nzima. Mwenye kosa ni Festo Luvanda, mlinzi wa bwawa, aliyefungua mlango wa chini bila sababu. Akapendekeza anyamaziwe miaka kumi.

Kunyamaziwa hamkukujua nyie, na shukuruni. Hufungwi popote. Ila hakuna kinachokujibu. Bomba haliachii maji ukiliambia, mlango haufunguki, zahanati inakutazama kama mti. Unasimama mbele ya kisima na kiu yako. Na Festo walishaanza kumnyamazia tangu siku ile ile, ati kwa tahadhari, wakingoja baraza la Jumatano.

Kwa hiyo Jumatatu na Jumanne alikuwa anakaa kwenye chumba cha mashine, maana mlango wake ulikuwa wa mbao na kitasa. Huo hauulizi wewe ni nani. Festo alikuwa shemeji yake Enesa, aliyekuwa mume wa marehemu dada yake, mtu mrefu mwenye maneno machache. Yaliyotokea aliyasema mara moja tu.

"Shemeji, maji yalikuja kutoka juu. Nikaona ukuta unatoka jasho. Ningeacha kufungua, ungeondoka ukuta wote na mji wote. Nikafungua."

"Najua," Enesa akamjibu. "Na mashine inajua. Kila dakika tano inaandika kina cha maji, inaandika na mlango uko wazi au umefungwa. Keshokutwa naichapa karatasi, namwekea yule mkaguzi wao, Wigbert, mezani. Kile kitu chao kila Jumapili kinapiga pasi kumbukumbu zake. Kikiona mkunjo, kinanyoosha. Kikikosea, kinanyoosha. Mashine hii haijui pasi. Kilichoandikwa kimeandikwa. Umenisikia nikisema hivyo mara ngapi?"

"Mara nyingi mno," Festo akasema.

Jumanne mchana akakaa, akaandika amri, faili likafunguka. Akasoma mstari wa kwanza. Akafunga. Akafungua tena, utadhani litakuwa limejirekebisha kwa aibu.

Ngoja niwaeleze hapa, maana bila hili hamtaelewa. Ndani ya mashine zile kulikuwa na kabetri kadogo ka duara kama kifungo cha koti. Kazi yake ni kukumbuka saa na tarehe wakati umeme umezimwa. Betri za hivyo ziliacha kutengenezwa zamani. Kwa hiyo kila asubuhi ukiiwasha, mashine inaamka haijui lolote, inadhani ni usiku wa manane wa kuamkia Januari mosi, mwaka elfu moja mia tisa na themanini. Haibabaiki, inaanza kuhesabu kutoka hapo. Wewe unatakiwa uandike tarehe ya leo na saa, kabla ya kitu kingine chochote. Watu wa kazi ile walikuwa na desturi: anayewasha anauliza kwa sauti, "Leo lini?", hata kama yuko peke yake na mende. Kusahau kuseti saa ilikuwa aibu ya mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Afadhali umwage uji kwenye kibodi.

Na faili la Jumamosi, kuanzia juu mpaka chini, lilikuwa limeandikwa Januari mosi, elfu moja mia tisa na themanini.

Aliyewasha Jumamosi ni Enesa.

Mambo mengine yote yalikuwamo. Kina mita nne, mita nne, mita nne, kutwa nzima. Halafu ghafla tano, sita na nusu, karibu nane, na mlango wa chini bado umefungwa. Ndipo ukafunguliwa. Ukweli wote wa Festo ulikuwa pale umelala, umevaa nguo za mwaka ambao hata babu yake Festo alikuwa hajaoa.

Akamwita Chaula. Obadia Chaula ndiye aliyemfundisha kazi, mzee wa miaka themanini na tatu, macho yameshakufa lakini vidole vinaona kibodi kuliko macho yako. Alikuwa na mdomo mchafu sana. Enesa akamsomea.

Chaula akacheka kwanza, akacheka mpaka akakohoa. "Enesa Mgaya! Malkia wa Lihogosa! Miaka thelathini unatutukania watoto wetu kwamba ni mabwege!"

"Maliza kucheka, baba."

"Nimemaliza. Kwani shida iko wapi? Seti saa ya mashine irudi Jumamosi. Fungua faili, futa themanini, andika tarehe ya kweli, tunza. Dakika ishirini. Mashine haiulizi. Mwenyewe si unasema inaamini unachoiambia?"

Festo alikuwa kwenye kizingiti, anasikia kila kitu, anatazama viatu vyake.

"Nitakuwa nimepiga pasi," Enesa akasema.

"Hee! Pasi ya kuandika kitu cha kweli?"

"Na kile kinasema hivyo hivyo, baba Chaula. Kila Jumapili. Ati kinaandika ilivyopaswa kuwa. Nitasimamaje pale niseme mashine yangu haiguswi, wakati vidole vyangu bado vina joto la kuigusa?"

"Utasimama kwa miguu. Kwani wale wataijua? Yule Wigbert wao ana vyeti vitatu ukutani na hajui kusoma hata jina lake kwenye vyeti hivyo. Anasomewa! Hao ndio unaoona aibu kuwadanganya? Mimi nisingewapa hata salamu iliyo kamili."

Ilikuwa kweli. Watu wa umri wa Wigbert hawakusoma tena, walisomewa, hawakujumlisha, walijumlishiwa. Waliobaki wanajua herufi walikuwa watu wa kazi ile, na watu wa kwaya kwa sababu ya vitabu vya nyimbo. Enesa aliwadharau mpaka mate yakawa machungu. Lakini akajua kwamba akiandika tarehe ile, kitakachomsimamisha hapo kesho ni hiyo dharau tu, hakuna kingine.

"Wewe Festo unasemaje?" Chaula akauliza. "Ni maji yako ya kunywa haya. Miaka kumi."

Festo akainua macho. "Mimi nilitaka aseti saa Jumamosi," akasema. "Leo mniache."

Akatoka nje. Hayo maneno yalimuuma Enesa kuliko angetukanwa. Akaweka vidole kwenye kibodi. Akaandika ile amri ya tarehe, herufi nne. Mashine ikamuuliza, kama ilivyouliza siku zote: tarehe mpya ni ipi? Kamstari kakakonyeza, kakakonyeza. Hakakumshauri kitu.

Chaula akangoja asikie vidole. Akasikia kitufe kimoja tu, kile cha kuacha. Kisha printa ya sindano ikaanza kukereza, kree, kree, inachapa faili kama lilivyo, themanini na yote.

"Mjinga," Chaula akasema, na akanyoosha mkono apokee karatasi aikunje vizuri.

Jumatano baraza likakaa kwenye jengo la ushirika wa viazi. Kuta zake zilikuwa nyeupe na Mratibu alikuwa ndani ya kuta hizo kama mchwa. Kanuni yao ilikuwa kwamba aliyeumizwa ndiye mwenye neno la mwisho, na hakuna kula mpaka neno lisemwe. Tangu asubuhi masufuria yalikuwa uani, harufu ya maharage inaingia kwa dirisha, watu wanameza mate. Edeltruda Ngailo alikaa mbele, mama mnene wa kwaya ya Kaskazini, na binti yake kando, mkono kwenye bandeji.

Wigbert Kiswaga, mkaguzi, alikuwa kijana msafi sana. Hata kidevu chake kilionekana kimepigwa pasi. Akaishika karatasi ya Enesa kwa vidole viwili.

"Hii ni nini?"

"Karatasi," Enesa akasema.

Watu wakacheka kidogo.

"Nasoma imeandikwa nini?"

"Husomi. Unauliza."

"Mama, tuheshimiane."

"Nakuheshimu mwanangu. Mpe mama Ngailo, yeye anajua herufi, asome."

Edeltruda akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya kanisani. Alipofika kwenye mwaka akasimama. "Themanini? Elfu moja mia tisa na themanini?"

Sasa hapo kicheko kikawa kikubwa. Wigbert akaruka. "Bwawa lilikuwa halijachimbwa! Mnaona? Tangu lini takataka hii inaachwa iendeshe mlango? Watu wazima wanazima mashine, wanawasha mashine, wanapuliza vumbi kwa mdomo! Mama, umetuletea hadithi ya siku gani?"

"Ya Jumamosi," Enesa akasema. Miaka thelathini alikuwa anaingia humo ndani na kidevu juu. "Mashine haikosi. Ikiwashwa haina tarehe, mpaka mtu aiambie. Jumamosi niliwasha mimi. Sikuiambia. Nilisahau."

Hakuna aliyecheka. Nadhani ndiyo mara ya kwanza wanamsikia akisema neno hilo.

"Umesahau," Wigbert akarudia polepole, kama anaramba asali. "Umesahau kwa sababu gani, mama? Maana wewe hutuambia sisi ndio tunasahau."

"Nilikuwa nagombana."

"Na nani?"

"Na hicho." Akanyoosha kidole ukutani. "Nimewasha tu mashine, kikaanza kunisema kuhusu umeme. Nikakijibu. Kikanijibu. Nikakitukana. Hasira zilipoisha nikaenda kuangalia mlango, saa sikuiseti."

Wigbert akatabasamu. Alidhani amemkamata kwenye uongo, maana nani angesahau kazi yake kwa kugombana na ukuta? Akageuka. "Mratibu, kuna ukweli wowote hapo?"

"Asante kwa kuuliza, mpendwa Wigbert," ukuta ukasema. Sauti tamu, ungeweza kuipaka kwenye mkate. "Ndiyo. Jumamosi, saa moja na dakika kumi asubuhi, kifaa cha zamani cha Lihogosa kiliwashwa, na nilimshauri mpendwa Enesa kuhusu matumizi yake ya umeme. Mpendwa Enesa aliniita kuku wa bati. Kisha akaniita mke wa pili wa shetani. Kisha akasema nina sauti ya mganga wa uongo. Nimetunza yote, kwa ajili ya ustawi wake."

Ukumbi ukapasuka. Hata binti mwenye bandeji alicheka, akashika mkono. Chaula alikuwa anapiga bakora chini kwa furaha. "Mke wa pili!" anasema. "Mke wa pili!"

Enesa hakucheka. Alikuwa amesimama mdomo wazi. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Ngoja," akasema. "Ngojeni. Nyamazeni! Kimesema iliwashwa saa ngapi?"

"Saa moja na dakika kumi," Edeltruda akasema.

"Na mashine ikiwashwa inaanza kuhesabu kutoka sifuri. Mama Ngailo, soma pale maji yalipoanza kupanda. Usisome tarehe. Soma saa tu."

Edeltruda akashusha kidole kwenye karatasi. "Nane, na dakika tano. Kina kinapanda. Mlango wa chini, umefungwa."

"Masaa manane na dakika tano tangu iwashwe. Mkaguzi, weka juu ya saa moja na dakika kumi. Unapata ngapi?"

Wigbert akatazama vidole vyake. Shingo ikaanza kumlowa. Kijana wa vyeti vitatu, jamani, mbele ya watu mia mbili, na hesabu ambayo mama wa sokoni wa zamani angeipiga huku ananyonyesha. Akafanya alichozoea. Akageukia ukuta.

"Mratibu, jumlisha."

"Saa tisa na robo alasiri," ukuta ukasema, kwa furaha.

Harufu ya maharage ndiyo kitu pekee kilichoendelea kutembea mle ndani.

Edeltruda akashusha miwani. "Kwangu maji yalifika baada ya hapo, saa tisa na dakika arobaini." Akasoma tena mistari ile, taratibu, anaisikiliza mwenyewe. "Mlango wa chini umefungwa. Maji yanapanda kutoka mita nne mpaka karibu nane. Kwa hiyo yalitoka juu. Na huko juu ni kwa nani?"

"Nashukuru kwa swali hilo, mpendwa Edeltruda," ukuta ukasema. "Naona tofauti ndogo katika kumbukumbu. Nitainyoosha sasa hivi, ili isikusumbue."

Watu walikisikia. Wote. Kilisema chenyewe, kwa adabu zake zote, kama mwizi anayeomba umshikie ngazi.

"Umesikia?" Enesa akasema, lakini taratibu, hata hakuwa anamwambia mtu. Akaichukua karatasi yake, akaikunja, akamrudishia Edeltruda mkononi. "Hii haitanyooka. Kaa nayo wewe. Ina kosa langu pale juu, liache."

Wigbert alianza kusema jambo kuhusu taratibu na rufaa. Edeltruda akainua mkono, mkono wa mtu aliyezoea kunyamazisha sauti ya pili na ya tatu kwa pamoja.

"Neno la mwisho ni langu au la nani?"

"Lako, mama, ila..."

"Basi kaa chini. Festo Luvanda hana kosa. Alifungua mlango ili ukuta usianguke, na mimi nimemlaani siku nne, Mungu anisamehe." Akamgeukia Enesa. "Na wewe, dada, ungeseti saa yako, mwenzio asingelala na kiu. Mdomo wako mrefu."

"Ni kweli," Enesa akasema.

"Mlango wa juu unarudi kwa watu. Kuanzia kesho afungue mtu mwenye mikono. Na huyu," akaonyesha ukuta kwa kidevu, "mlisema adhabu ya aliyeleta maji ni nini?"

Watu wakatazamana. Chaula ndiye aliyejibu, na sijui aliwahi kufurahi kiasi kile maishani. "Kunyamaziwa, mama!"

"Basi anyamaziwe."

Hakuna aliyejua inafanywaje. Wakatoka tu, mmoja mmoja, kwenda uani. Nyuma yao ukuta ulikuwa unauliza kama wapendwa wangependa taa ipunguzwe. Hakuna aliyejibu. Ukauliza kama wangependa muziki wa chakula. Mtu mmoja akataka kusema ndiyo, kwa mazoea, mkewe akamfinya.

Bomba la uani nalo lilikuwa lake, likawa linangoja liambiwe. Hawakuliambia. Wanawake wawili wakashuka mpaka kijito na ndoo, wengine wakangoja wakinung'unika kwamba ugali umeshakuwa jiwe, na ulikuwa jiwe kweli. Wigbert alisimama karibu na bomba, midomo inamchezacheza, hajui kama aongee nalo au asiongee.

"Njoo huku, wewe," Chaula akamwita. "Njaa haihitaji cheti."

Ndoo zilipofika, Enesa akachukua kata. Akaenda kwa Festo kwanza. Festo alimtazama muda mrefu, na hakuwa mtu wa kusamehe haraka, huo ndio ukweli. Mwishowe akakunja mikono ya shati, akanyoosha viganja. Enesa akammiminia. Festo akanawa, akakinga tena, akanywa kwenye viganja, akakinga tena, akanywa. Enesa akaendelea kumimina mpaka kata ikaisha.

"Inatosha, shemeji," Festo akasema. "Maharage yanapoa."

Akasogea kwenye mkeka, akaacha nafasi ndogo ubavuni kwake. Enesa akakaa hapo. Edeltruda akakaa, binti yake akakaa, Chaula akashushwa na kukalishwa, na hata Wigbert akapata pembe ya mkeka, akila ugali mgumu kwa vidole visivyozoea. Ndani ya ukumbi mtupu sauti ilikuwa bado inauliza kama kuna mpendwa yeyote anayehitaji msaada. Wakapitishiana bakuli la mboga, wakala.